Tuwafunze Vijana Kuonja, na Tuwafunze kwa Kiswahili

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi walimu tumeizoea methali hii, na kila mwaka huwafasiria wanafunzi wetu kuwa ni onyo kwa wale wanaovimba kichwa wanapopewa sifa. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini inamtazama mgema peke yake. Ni nadra kwetu kuuliza habari za yule aliyesifu. Je, alisema nini hasa alipolisifu tembo? Aghalabu alisema ni tamu, akanyamaza. Hakueleza kama lilikuwa changa au limepevuka, kama lilichacha kiasi au lilipita kiasi, kama lilikuwa zito ulimini au limekuwa dufu. Sifa ya namna hiyo haimfungi mgema kwa lolote. Siku atakapoongeza kata mbili za maji, mnywaji ataonja, atasitasita, na kwa kuwa hana neno la kulitajia kasoro analolihisi, atalipa na kwenda zake.

Nina dai moja katika makala haya, nalo ni hili: kuonja ni elimu kama elimu nyingine yoyote, na nusu ya elimu hiyo ni lugha. Asiye na maneno ya kutofautisha ladha huonja kwa shida, na hata akionja vyema, hawezi kumfikishia mwenzake alichokijua. Taifa letu linauza kahawa na chai ulimwenguni kote. Mazao haya yote mawili hukadiriwa bei baada ya kupita katika vinywa vya waonjaji. Hata hivyo, hatuwafunzi watoto wetu kuonja, na hukumu ya waonjaji haimfikii mkulima kwa lugha anayoielewa. Hapo ndipo penye hasara.

Ili tuone jinsi kuonja kunavyoweza kuwa taaluma, hatuna budi kwanza kutazama kinywaji kilichochunguzwa kuliko vyote kwa upande huu, nacho ni mvinyo wa zabibu. Kiswahili kiliupokea kutoka kwa wageni wawili, kwani neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, na neno divai lina asili ya Kifaransa. Najua kwamba wasomaji wengi hawanywi vileo kwa sababu za dini, umri au hiari yao, nami siwahimizi wanywe. Mwonjaji wa mvinyo mwenyewe hutema anachokionja, kwa sababu akimeza vikombe arobaini asubuhi moja, hukumu yake haitakuwa na maana tena. Tuutazame mvinyo kama mwanafunzi wa unajimu anavyoutazama mwezi bila ya kuwa na haja ya kwenda kuishi huko.

Tuanze na ulimi. Wengi wetu tulifunzwa shuleni kuwa ulimi una ramani: utamu huonjwa nchani, uchungu nyuma, uchachu na chumvi pembeni. Mchoro huo ulitokana na utafiti wa Mjerumani D. P. Hänig wa mwaka 1901, ambao ulifasiriwa vibaya baadaye ukaenea vitabuni. Ukweli ni kwamba vionjo vyote vya msingi huhisiwa katika sehemu zote za ulimi zenye vinundu vya kuonjea. Hali kadhalika, vionjo hivyo si vinne bali ni vitano, kwani mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alibainisha ladha ya tano, ile ya mchuzi mzito wa nyama au samaki, inayoitwa umami. Ukali wa pilipili haumo katika orodha hiyo. Huo ni maumivu, na mwili huupokea kwa njia ileile unayoupokea moto.

Lakini vionjo vitano haviwezi kueleza tofauti kati ya embe na pasheni. Kazi kubwa hufanywa na pua. Mwanafunzi anayetaka ushahidi na azibe pua kwa vidole viwili, atie ulimini mdalasini uliochanganywa na sukari, atafune kidogo. Atahisi utamu peke yake. Akiachia pua, mdalasini utatokea ghafla. Mvuke wa chakula hupanda kutoka nyuma ya kinywa hadi puani, na tunachokiita ladha huwa ni muungano wa ulimi na pua. Ndiyo maana mtu mwenye mafua hulalamika kuwa chakula ni chapwa hata kikiwa kimekolezwa ipasavyo.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na hapa ndipo wanaisimu walipopata kazi. Mwaka 1983 mwanaisimu wa Kimarekani, Adrienne Lehrer, alichapisha kitabu kuhusu mazungumzo ya wanywaji wa mvinyo. Katika majaribio yake, mtu mmoja alieleza mvinyo kwa maneno yake, na mwingine akatakiwa autambue mvinyo huo kwa kufuata maelezo aliyopewa. Wanywaji wa kawaida walishindwa mno, wakawa hawakuzidi sana mtu anayebahatisha. Walikuwa na maneno mengi na walifurahia kuyatumia, lakini neno moja lilikuwa na maana hii kwa huyu na maana ile kwa yule. Kwa hiyo, wanaocheka majivuno ya waonjaji wa mvinyo wana sababu ya kucheka.

Fauka ya hayo, macho huweza kuudanganya ulimi. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mjini Bordeaux. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi wale waliueleza kwa msamiati wa mvinyo mwekundu, wakataja matunda meusi na mekundu ambayo kwa desturi hayatajwi mvinyo mweupe unapoelezwa. Jina la mtengenezaji nalo hudanganya. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, waamuzi 9 wa Kifaransa walionja mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuonyeshwa chupa ilitoka wapi. Walipomaliza kutoa alama, ilibainika kuwa wa kwanza kwa mvinyo mweupe na wa kwanza kwa mvinyo mwekundu wote walitoka California. Laiti wangaliiona chapa mapema, sidhani kama wangalithubutu kutoa hukumu ile.

Je, mambo haya yanathibitisha kuwa kuonja ni ubabaishaji mtupu? La hasha. Yanathibitisha kuwa kuonja bila nidhamu ni ubabaishaji. Mwaka 1984 Ann Noble na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa mpangilio wa maneno ya harufu za mvinyo uliochorwa kwa umbo la gurudumu. Katikati yaliwekwa makundi mapana kama vile matunda, viungo, maua na udongo. Kisha kila kundi likagawanywa hadi kufikia kitu kimoja mahususi. Ubora wa kazi ile haukuwa katika mchoro wenyewe. Ulikuwa katika kanuni yake kwamba kila neno liwe na kitu cha kunusa. Anayesema pilipili hoho na awekewe kipande cha pilipili hoho ndani ya mvinyo usio na harufu kali, akinuse, na wenzake wakinuse, hadi neno hilo liwe na maana moja kwa wote. Maneno ya kusifu, kama vile bora, adhimu au laini kama hariri, yaliachwa nje, kwa kuwa hayana kitu cha kunuswa.

Zaidi ya hayo, maneno na ulimi lazima vikue pamoja. Mwaka 1996 Joseph Melcher na Jonathan Schooler waligundua kuwa wanywaji wa mvinyo wasiofunzwa, wakilazimishwa kuueleza mvinyo kwa maneno, baadaye hupungukiwa na uwezo wa kuutambua tena. Waliofunzwa hawakudhurika. Funzo kwa mwalimu ni wazi. Ukimpa mwanafunzi orodha ya istilahi akariri bila kuonja, utamharibia hata ulimi aliozaliwa nao.

Wako watakaosema kuwa haya ni ya Wazungu, kwamba Mwafrika hakukulia katika mizabibu na hawezi kushindana nao. Hao nawakumbusha mwaka 2017. Mwaka huo vijana wanne wa Zimbabwe, Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Pardon Taguzu na Marlvin Gwese, waliokuwa wamekimbilia Afrika Kusini kutafuta riziki, waliunda timu ya nchi yao na kwenda Ufaransa katika mashindano ya dunia ya kuonja mvinyo bila kuona chapa. Walikuwa wa 23 kati ya timu 24. Mwaka uliofuata, 2018, timu ya Zimbabwe ilipanda hadi nafasi ya 14. Nyamudoka baadaye aliutoa mvinyo wake mwenyewe na kuupa jina la Kishona, Kumusha, yaani nyumbani. Waliufikia ujuzi huo ukubwani, kwa mafunzo, wala hawakuurithi kwa baba zao.

Sasa tuvuke kutoka mvinyoni hadi kahawani. Lugha yenyewe inatupa daraja. Neno letu kahawa tulilipata kwa Waarabu, na katika Kiarabu cha kale neno hilohilo lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo kabla ya kuhamia kwenye kinywaji cha buni. Nasi tuhame nalo.

Kahawa huonjwa kwa utaratibu ambao hauna siri yoyote. Kulingana na kanuni inayotumiwa sana duniani, gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa hutiwa mililita 150 za maji yenye joto la takriban nyuzi 93. Mwonjaji huinusa ikiwa kavu, huinusa ikiwa imemwagiwa maji, na baada ya dakika kama 4 huuvunja kwa kijiko utando ulioganda juu, pua yake ikiwa karibu kabisa. Kisha huondoa povu, husubiri ipoe kidogo, na huivuta kijikoni kwa mlio mkubwa. Mlio huo unaweza kuonekana utovu wa adabu mezani, lakini una kazi: hewa hupandisha mvuke puani. Anapomaliza hutema, huandika, na kuhamia kikombe kinachofuata.

Kenya ina sifa kubwa katika vikombe hivyo. Aina za mibuni SL28 na SL34, zilizoteuliwa na maabara ya Scott, Kabete, katika miaka ya 1930, zinajulikana na waonjaji wa London, Oslo na Tokyo. Mnada wa kahawa wa Nairobi nao ulianza katika miaka hiyohiyo ya 1930. Lakini hebu tuyatazame madaraja yanayoandikwa juu ya magunia. AA ni buni kubwa zenye upana wa takriban milimita 7. AB ni ndogo kidogo. PB ni zile za mviringo zilizokua moja badala ya mbili ndani ya tunda. Herufi hizi zinaeleza ukubwa na umbo, hazielezi ladha. Katika orodha hiyo lipo neno moja tu la Kiswahili, nalo ni mbuni. Linataja kahawa iliyokaushwa na maganda yake bila kuoshwa, ambayo huwekwa mwisho wa orodha na kugawanywa kuwa nzito na nyepesi. Lugha yetu imepewa kiti kimoja katika baraza la kahawa, na kiti chenyewe ni cha kahawa duni.

Msomaji anaweza kuuliza, mkulima atafaidika nini akiambiwa ladha ya kahawa yake? Atafaidika sana, kwa sababu kila kasoro ya ladha ina chanzo chake shambani au kiwandani. Kahawa yenye ukakasi, inayokausha kinywa kama ndizi mbichi, mara nyingi imechanganywa na matunda yaliyochumwa kabla ya kuiva. Kahawa yenye uchachu wa kuvunda aghalabu imeachwa tangini ikichacha kupita muda wake. Yenye harufu ya ukungu au ya gunia bichi haikukauka sawasawa, kwani buni hutakiwa zifikie unyevu wa takriban asilimia 11 kabla ya kuhifadhiwa, au zilikaushwa vyema zikawekwa penye majimaji. Mkulima anayepokea nambari ya daraja na bei peke yake anajua kuwa ameadhibiwa, ila hajui kosa lake. Angeandikiwa neno ukakasi, msimu unaofuata angewaambia wachumaji wake wasubiri tunda liwe jekundu.

Mfano mzuri wa nguvu ya kuipa kasoro jina unapatikana kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi. Huko kuna kasoro ambayo waonjaji waliiita ladha ya kiazi, kwa kuwa kikombe hunuka kama kiazi kibichi kilichomenywa. Punje moja yenye kasoro hii yatosha kuharibu kikombe kizima. Kwa kuwa ilikuwa na jina ambalo kila mtu angeweza kulihakikisha kwa kumenya kiazi, watafiti waliweza kuifuatilia, wakaihusisha na mdudu wa jamii ya kunguni anayetoboa tunda la kahawa. Wakulima wakajua wapambane na nini. Jina lilitangulia, tiba ikafuata.

Ziko pia sifa njema zinazohitaji majina. Waonjaji wa ng'ambo huisifu kahawa ya Kenya kwa kuifananisha na tunda dogo jeusi la nchi za baridi, ambalo Mkenya wa kawaida hulijua kwa rangi na sukari ya soda tu. Mkulima wa Nyeri akiambiwa kuwa kahawa yake ina ladha ya tunda hilo, amesifiwa kwa jambo asilolijua. Yamkini zambarau, lenye utamu, ugwadu na ukakasi kwa pamoja, lingemkaribia zaidi mtu wa Pwani. Na huenda mtu wa Bara angelichagua tunda damu. Sisemi kuwa matunda haya ni sawa na lile. Nasema kwamba mlinganisho hauna budi kuanzia kwenye kitu kilichokwisha kupita kinywani mwa msikilizaji. Waliotunga msamiati wa kahawa uliotolewa mwaka 2016 na shirika la World Coffee Research walifanya hivyohivyo, kwani walikiambatanisha kila kionjo na kitu cha kulinganishia. Tofauti ni kwamba vitu vyao wengi wao walivitoa katika maduka ya Marekani.

Je, Kiswahili kinaweza kuibeba kazi hii? Nakijibu mimi nikiwa mwanaisimu: kinaweza, na katika baadhi ya mambo kimeshawatangulia wengine. Chukua neno ukakasi nililolitumia hapo juu. Hisia hii ya kinywa kukauka na ulimi kukwaruza, inayoletwa na tanini za chai, zabibu na matunda mabichi, haina neno la nyumbani katika Kiingereza, na Mwingereza hulazimika kuazima istilahi ya kitaaluma yenye asili ya Kilatini. Kwetu, mtoto aliyekula ndizi mbichi au bibo la mkanju analijua neno hilo. Tunatofautisha uchachu wa kitu kilichochacha na ugwadu wa ndimu au ukwaju unaotia meno ganzi. Tuna dufu na chapwa kwa kisicho na ladha, na kukolea kwa kilichofikia kiwango chake. Watu wa Mombasa huiita chai isiyo na maziwa mkandaa, jina la mti wa pwani ambao gome lake jekundu, lenye tanini nyingi, hutumiwa kutengenezea ngozi. Waliotoa jina hilo hawakuwa na maabara, ila walikuwa na macho na ulimi.

Katika harufu pia sarufi yenyewe inafanya kazi. Kitenzi kunuka hutumiwa kwa harufu mbaya. Ukikiongezea irabu moja tu kikawa kunukia, harufu inageuka kuwa nzuri. Tuna shombo na vumba kwa samaki, kikwapa kwa jasho, uvundo kwa kilichooza, na uturi kwa manukato, na harufu njema ikienea chumbani twasema imehanikiza. Mwaka 2014 Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha kuwa Wajahai, jamii ndogo ya Rasi ya Malaya, huzitaja harufu kwa wepesi uleule wanaozitajia rangi, ilhali wasemaji wa Kiingereza walibabaika kwa harufu hizohizo. Tofauti ni kwamba lugha ya Wajahai ina vitenzi vya harufu, nao huvitumia kila siku. Maneno yetu ya harufu yasipotumiwa yatatoweka. Tayari yako madarasa ambamo neno shombo huhitaji kufasiriwa.

Hata hivyo, sitaki nimsifu mgema nikajisahau. Kiswahili kina mapengo. Neno kali hubebeshwa mzigo mkubwa mno: pilipili ni kali, chai ya majani mengi ni kali, tembo lililolala ni kali, na mbwa na jua pia ni vikali. Chungu husimamia kahawa, mwarobaini na dawa kwa pamoja, na hata jeraha la moyo. Pia hatuna neno moja lililokubaliwa la kueleza ladha inayobaki kinywani baada ya kumeza. Mapengo haya hayatazibwa na kamati inayokaa mezani na kamusi. Yatazibwa na watu walioshika vijiko mikononi, wakionja, wakibishana, na kukubaliana.

Wapo watakaopinga kwamba lugha ya soko ni Kiingereza, na kwamba mnunuzi wa Ujerumani hatajifunza neno ukakasi. Sawa, wala hahitaji kujifunza. Mwonjaji anaweza kumwandikia mnunuzi kwa Kiingereza na mkulima kwa Kiswahili, kama daktari anavyoandika kwa Kilatini cha dawa na kumweleza mgonjwa kwa lugha ya mama. Tusimtolee mkulima kisingizio cha mnunuzi.

Basi tuanzie wapi? Tuanzie darasani, na gharama ni ndogo. Mwalimu wa Kiswahili ashirikiane na mwenzake wa sayansi. Wapike chai isiyo na maziwa wala sukari kwa kipimo cha kimataifa cha waonjaji wa chai: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6. Kikombe kingine wakiache dakika 1, na cha tatu dakika 15. Kila mwanafunzi awe na kijiko chake, aonje, na aandike maneno yake kabla ya mtu yeyote kusema, kwa kuwa mwenye sauti kubwa akitangulia, darasa zima litaonja kwa ulimi wake. Kisha mwalimu atoe kipande cha ndizi mbichi, ukwaju na ndimu, ili kila neno lipate ushahidi wake.

Baada ya hapo waingie kwenye mtihani wa vikombe vitatu. Viwili viwe na chai ya aina moja, cha tatu cha aina nyingine, na mwanafunzi akitafute kilicho tofauti bila kuambiwa. Anayebahatisha atafaulu mara moja katika kila mara tatu, lakini kufaulu mara tatu mfululizo kwa bahati ni nafasi moja katika 27. Mwalimu wa hisabati naye amepata somo lake hapo. La muhimu zaidi ni kwamba mwanafunzi atajifunza kuthibitisha dai lake, naye atajua kuwa kusema kitu ni kizuri si sawa na kusema kikoje. Anayejifunza hilo kwa kikombe cha chai atalikumbuka atakapoandika insha ya uhakiki wa tamthilia.

Kwa wenye mamlaka ya kahawa na chai nina ombi moja. Kila chama cha ushirika kinacholetewa daraja na bei ya mazao yake kiletewe pia ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kahawa au chai hiyo ilionjwaje, kasoro gani ilipatikana, na chanzo chake huenda ni nini. Sisi wa vyuo vikuu, kwa upande wetu, tuwatume wanafunzi wetu wa isimu wakakae na waonjaji na wakulima, wakusanye maneno ya Pwani na ya Bara, na watengeneze orodha ambayo kila neno lake lina kitu cha kuonjwa. Kazi hiyo ina manufaa kuliko tasnifu nyingi tunazozirundika katika rafu za maktaba. Mkulima amesubiri vya kutosha kuambiwa kilichomo kikombeni mwake.